Mluzi Katika Sauti ya Obwocha

Mwaka 1998 mimi, Makori, ndiye niliyekodishwa kwa kila mazishi ya Marani kwa sababu ya pikapu yangu na spika zake mbili, na nilijiona fundi kamili. Siku ya kumzika Obwocha nilitamani ardhi inimeze.

Kaburi lilikuwa tayari limechimbwa nyumbani kwa kaka yake, Zachariah. Mjane, Nyanchoka, alitaka mumewe alale Kenyenya, kwenye shamba walilonunua pamoja. Bila kaburi pale, alijua fika mashemeji wangemwondoa shambani. Binti yake Nyamoita alikuwa ametoka Nairobi na kompyuta ndogo ya kukunja. Ndani yake mlikuwa na sauti ya baba, aliyoirekodi hospitalini, akisema azikwe wapi.

"Tumsikie mwenyewe," wazee wakasema. "Atakaposema, hapo hapo."

Betri ya kompyuta ilikuwa imekufa. Nikaichomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara la pikapu, injini ikinguruma, nikapeleka sauti kwenye amplifaya. Lo! Ukatoka mluzi mkali, nao ulipanda kila injini ilipopanda. Obwocha alisikika kama mtu anayeongea ndani ya mashine ya kusaga posho.

"Huyo si ndugu yangu," Zachariah akasema. "Ni mashine hiyo. Shusheni jeneza."

"Mzee, ngoja!" nikafoka, mimi ambaye sijawahi kumfokea mzee.

Nikazima injini. Mluzi ukageuka mvumo, na betri yangu chakavu ikaanza kukata roho. Vijana walishashika kamba za jeneza. Nyanchoka alinitazama tu, na macho yale yaliniuma kuliko matusi. Ndipo akili ikanijia: kompyuta na amplifaya zilikuwa zinanyonya betri moja, na kelele ilipita kwenye waya wa hasi, uliokuwa mmoja kwa zote mbili. Kompyuta ilihitaji betri yake peke yake.

"Nani ana betri ya televisheni?"

Televisheni ilikuwa katika nyumba moja tu, ya Zachariah.

Alilitazama jeneza. "Chukueni," akasema. "Akiwa ni yeye, nitamjua."

Betri ilipoletwa, niling'oa lile tundu la kiberiti, nikalifunga kwa nyaya kwenye betri hiyo. Nikawasha gari. Mluzi haukuwepo. Kikasikika kitanda cha hospitali kikilia, kisha sauti ya chini, ya Obwocha kabisa:

"Mwanangu, mimi nataka kulala karibu na Zachariah."

Na mnong'ono wa msichana: "Sema Kenyenya, baba. Mama atafukuzwa."

Kikohozi. Kisha kwa nguvu: "Nizikeni Kenyenya."

Nyamoita akajifunika uso. Kispika cha kompyuta yake hakikuwahi kuyatoa maneno yale ya chini. Mimi nilijilaani: nilikuwa nimeisafisha sauti mpaka nikamvua nguo mteja wangu, binti huyo, mbele ya ukoo mzima.

Zachariah akamsogelea. "Nani alikwambia mama yako atafukuzwa?"

"Ni wewe, baba mkubwa," akajibu, akilia. "Krismasi, mezani. Baba alikuwa amekaa hapo."

Zachariah akaenda kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Makori," akaniita bila kugeuka. "Ondoa spika hizo kwenye pikapu. Tupate nafasi ya jeneza, twende Kenyenya."