Fatiha Iliyokatizwa

Simu ya ami yake ilimkuta Basmina kwenye ujia wa nje ya ukumbi wa Seneti, kikombe mkononi, chai yenyewe imeshaota utando.

"Basmina, wameleta magunia ya mchanga," alisema Ami Sherin. Sauti yake ilikuwa ikikatika, maana ili kupata mtandao ilimbidi apande kilima kilicho juu ya mgodi. "Wanaziba mdomo wa shimo."

"Wanaziba vipi, ami, na watu saba wamo ndani tangu mlipuko?"

"Wanasema moto unakula makaa huko chini, ukikosa hewa utazimika. Nikawauliza, na watu je, wao hawatakosa hewa? Bwana mmoja wa serikali akaniambia, mzee, hao walishakwisha, tunangoja tu waziri atangaze huko Islamabad ndipo tuweke gunia la mwisho." Alikohoa. "Mwanangu, kengele imelia alfajiri. Mwenye winchi kaisikia, na mimi nimeisikia."

Basmina aliijua kengele hiyo. Huko mgodini Tor Tangay waya mwembamba ulishuka sambamba na kamba ya toroli mpaka mwisho wa shimo, na aliye chini ndiye aliyeuvuta kumwambia mwenye winchi, mashine ya kuvutia kamba hiyo, la kufanya. Mvuto mmoja, simamisha. Miwili, vuta makaa. Mitatu, vuta taratibu, ni watu. Kaka yake Rokhan alimfundisha hayo utotoni kwa kumfunga uzi kwenye kidole cha mguu na kuuvuta kutoka kitanda cha pili, mpaka mama yao alipowafokea wote wawili walale.

"Imelia mara ngapi?"

"Tatu. Ikanyamaza. Kisha tatu tena."

Simu ikakatika. Papo hapo, juu ya kichwa chake, ikaanza kulia kengele nyingine, ile ya Seneti, ya kuwaita wajumbe waingie. Basmina aliruka hata chai ikamwagikia mtandio.

Mlangoni alikutana na waziri, Naveed Janjua, mtu wa chama chake mwenyewe, amekumbatia jalada la taarifa yake. Waziri aliweka mkono kifuani.

"Binti, poleni sana. Nimeambiwa kaka yako ni mmoja wa wale saba. Serikali haitaziacha familia."

"Mheshimiwa, kengele ya mgodi imelia leo alfajiri. Ami yangu..."

"Tutazungumza baada ya kikao," alisema waziri kwa upole, na upole ule ndio uliomfunga Basmina mdomo. Akampisha apite.

Aliketi kwenye kiti chake, mstari wa nyuma, pembeni ya Bi Mehrunnisa Lasi, seneta wa upinzani aliyezeekea humo ndani na ambaye alikuwa na pipi za iliki kwenye mkoba siku zote. Tangu Basmina alipoletwa Seneti kwa viti vya wanawake, kutoka kwenye darasa lake la hesabu kule milimani, hakuwahi kuomba nafasi ya kusema. Bi Mehrunnisa alimtania kila siku.

"Leo nawe utakohoa angalau, tujue uko hai?" alimnong'oneza, kisha akamtazama vizuri. "Una nini, mwanangu? Umekuwa mweupe kama chokaa."

Basmina alitikisa kichwa tu. Alikuwa akipanga maneno. Kwanza kisomo, kisha taarifa ya waziri. Waziri akisimama tu, nitanyoosha mkono. Mwenyekiti akiniona. Kipaza sauti kikiwashwa. Rokhan naye alimcheka kwa huko kutosema kwake, juma lililopita tu, akipiga simu kutoka kwenye hoteli ya chai karibu na mgodi. "Nakuona kwenye runinga, Mheshimiwa. Umekaa kama mtu aliyealikwa harusini asiyemjua bwana harusi wala bibi harusi. Sema hata neno moja, niwaonyeshe hawa kwamba kweli ni dada yangu!" Makaa ya mawe ndiyo yaliyomsomesha Basmina chuo. Rokhan aliyachimba, yeye akasoma.

Kisomo kilipokwisha, kabla waziri hajafungua jalada lake, seneta mmoja wa mstari wa mbele alisimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla ya shughuli yoyote, naomba tuwasomee Fatiha mashahidi wetu saba waliofia mgodini."

"Ni haki yao," alisema Mwenyekiti. "Qari Sahib, tafadhali."

Qari Inayatullah, mzee wa ndevu nyeupe aliyeachiwa kazi hiyo na pande zote mbili, aliinuka akakunjua viganja vyake. Ukumbi mzima ukakunjua viganja. Jana tu watu hawa walikuwa wakirushiana karatasi na kuitana wezi. Sasa hakuna aliyesikika hata kupumua.

Mikono ya Basmina nayo ilipanda, kama ilivyopanda tangu akiwa mtoto kila alipotajwa marehemu. Midomo yake ikaanza. Alifika katikati ya Fatiha, macho yakaangukia viganja vyake vilivyo wazi mbele yake, ndipo akili ikafika mahali ambapo mikono ilikuwa imetangulia. Namsomea nani? Namsomea Rokhan. Rokhan anavuta waya, na mimi dada yake namzika!

"Hawajafa!"

Hakujua kama ni yeye. Kipaza sauti chake kilikuwa kimezimwa, lakini katika kimya kile neno lilifika mpaka kwenye roshani ya wageni. Vichwa viligeuka. Mikono ya watu ilibaki hewani, hakuna aliyejua aishushe au aendelee.

"Astaghfirullah," alisema mtu.

"Huyu naye!" aliguta mwingine wa upande wake mwenyewe. "Miezi yote bubu, leo ndiyo kapata ulimi, tena ndani ya dua!"

"Mheshimiwa Seneta," alisema Mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu, "Fatiha haikatizwi. Keti chini."

Bi Mehrunnisa alimvuta mkono wa kanzu. "Kaa, mwanangu, watakumeza."

Basmina alitaka kukaa. Hakukaa.

"Mheshimiwa, hawajafa. Kengele ya mgodi imelia alfajiri. Mtu yuko chini anavuta waya, anavuta mara tatu, ndiyo alama yao, wavuteni watu. Na juu wanaziba shimo kwa mchanga. Wanangoja taarifa hii ya leo tu. Ikisomwa hapa, wanaweka gunia la mwisho."

Ukumbi uliguna kwa pamoja. Bi Mehrunnisa aliuachia mkono wa kanzu. Kisha akalipiga dawati lake kwa kiganja, paa! "Mwacheni aseme!"

Waziri Janjua alisimama, jalada bado kifuani. "Waheshimiwa, tunaelewa uchungu wa dada yetu. Lakini wataalamu wameniambia kwamba hewa ya mle ndani ni sumu tupu. Waya huo wa chuma ukipata joto unaweza kutikisika wenyewe."

"Utikisike mara tatu, upumzike, utikisike mara tatu tena?" Basmina alimuuliza. Aliuliza kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyenakili jibu la jirani yake.

Wakati huo wote Qari Inayatullah alikuwa bado amesimama, viganja vimekunjuliwa. Aligeuka polepole.

"Bwana Waziri, umeziona maiti?"

"Qari Sahib, hilo ni suala la kitaalamu..."

"Nimekuuliza kama wewe, au yeyote uliyemtuma, ameziona maiti."

Waziri alitazama jalada lake. "Hapana."

"Basi mimi hapa namzika nani?"

Mzee akaishusha mikono yake bila kujipangusa uso. Hilo ndilo lililowashtua kuliko hata kelele za Basmina. Kila mtu mle ndani tangu alipojua kusema alijua kwamba Fatiha ikiisha unajipangusa uso. Kumwona Qari Inayatullah akiketi na uso haujapanguswa kulikuwa kama kuona jeneza limesimamishwa njiani. Mmoja mmoja wakashusha mikono, hakuna aliyejipangusa. Mwenyekiti aliahirisha kikao, akamwagiza waziri apige simu dakika ile ile, mbele yake.

Magunia yaliondolewa. Ami Sherin alimpigia akamwambia wachimbaji wenzao wanashuka na vitambaa vya maji usoni, kisha akakata ili betri isimalizike. Kikao kilirudi, likaletwa shauri la ushuru wa bandari, watu wakalijadili kwa sauti za chini kama walio msibani. Basmina hakusikia lolote. Bi Mehrunnisa alimtilia pipi ya iliki kiganjani, naye akaishika mpaka ikayeyuka.

Baada ya sala ya alasiri simu ilitetemeka. Alitoka nje mbio.

"Wanne, mwanangu!" Ami Sherin alikuwa analia na kucheka. "Wanne wametoka hai! Walijibanza nyuma ya ukuta ulioporomoka, upande wa hewa. Umar Zeb ndiye aliyekuwa akivuta waya, mikono imechanika yote. Wanne, Basmina!"

"Rokhan hajaumia sana?"

Alisikia upepo wa kilimani. Alisikia watu mbali wakiita jina la mtu mwingine.

"Ami."

"Rokhan alikuwa mbele kabisa, penye makaa, yeye na wenzake wawili. Umar Zeb anasema ni pale pale mgodi ulipolipukia. Siku ile ile ya kwanza. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimekusikia, ami."

Siku ya kwanza. Basi kengele haikuwa ya Rokhan. Asubuhi yote, mchana wote, alipokuwa akimwona kaka yake amepiga goti gizani na waya mkononi, palikuwa na Umar Zeb, kijana ambaye Rokhan alimcheka kwa kuogopa panya. Alijaribu kumwondoa Rokhan kwenye ule waya na kumweka Umar Zeb, akashindwa. Kengele ya Seneti ikalia. Alirudi ndani kwa sababu miguu ilijua njia.

Aliingia katikati ya vishindo. Maseneta wa pande zote walikuwa wanapiga madawati. Waziri alikuwa amesimama, uso unang'aa.

"...wanne wako hai, Waheshimiwa! Nasi twamshukuru dada yetu, ambaye leo ametufundisha sote!"

Vishindo vikazidi. Walimgeukia yeye, hata yule aliyemwita bubu. Bi Mehrunnisa alimkumbatia. "Kaka yako katoka! Kesho uje na vitamu vya mithai, sanduku zima, usituletee ubahili wa..." Hapo akauona uso wake kwa karibu. Kicheko kikamfia mdomoni. "Ya Rabi. Mwanangu, hapana."

Basmina alinyoosha mkono. Mwenyekiti alitabasamu. "Kipaza sauti cha Seneta Basmina kiwashwe."

Taa ndogo nyekundu ikawaka mbele yake, kwa mara ya kwanza. Ukumbi ulingoja shukrani.

"Naomba Fatiha, Mheshimiwa."

Tabasamu la Mwenyekiti lilibaki usoni, halina pa kwenda. "Kwa nani, Mheshimiwa Seneta?"

"Kwa watatu ambao hawakutoka. Wawili majina yao ami yangu hakuwahi kunitajia. Wa tatu ni Rokhan, mwana wa Gul Faraz. Kaka yangu."

Waziri aliketi taratibu, kama anayeogopa kiti kitalia. Qari Inayatullah aliinuka akishikilia dawati.

"Asubuhi nilikukatiza, Qari Sahib."

"Na wanne wako nyumbani usiku wa leo," alisema mzee. "Twende, binti yangu."

Viganja vikakunjuliwa tena. Wengine walianza mwanzo. Basmina alianzia pale alipoachia asubuhi, katikati, akaimaliza, akajipangusa uso. Mikono ikabaki pale pale usoni.

Wenzake waliketi. Karani alisimama kusoma shughuli inayofuata, akatazama kule nyuma, akaikunja karatasi yake. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuizima ile taa nyekundu, na kilio cha Basmina, ambacho alidhani amekificha ndani ya viganja, kilikuwa kinatoka katika kila kipaza sauti cha ukumbi.