Chapati ya Kunguru

Mwaka ule wa foleni za unga, chapati ya kwanza nyumbani kwetu haikuwa ya mtu. Ndiyo desturi yetu Wahindu: kabla hujala, kiumbe mwingine ale kwanza. Mtaa wa Mchikichi haukuwa na ng'ombe, kwa hiyo niliwarushia kunguru kutoka ghorofani. Mama mkwe wangu, tuliyemwita Ba, alikuwa haoni vizuri. Hakugusa chakula mpaka aulize, "Ameshakula?"

"Ameshakula, Ba."

Chini, kando ya mfereji, alilala Safari, mvuta mkokoteni. Gurudumu lilimpanda mguu, kidonda kikaoza. Harufu ilifika jikoni kwangu, ikakaa kwenye dengu, kwenye maziwa. Nilifunga dirisha. Niliomba ahamie mlango wa mwingine. Naona haya kuandika, lakini niliomba.

Asubuhi moja nilishuka nimeziba pua kwa pembe ya sari. Safari akainua mkono.

"Mama, asante kwa chapati. Leo siku ya nne."

Tatu, muuza vitumbua, akacheka. "Anagombana na kunguru kila asubuhi, dada Sitara. Na anawashinda."

Nilirudi juu nikamweleza Ba. Akaisukuma sahani yake.

"Mgeni wetu anaoza mlangoni, sisi tunakula?"

"Ananuka, Ba. Siwezi."

"Mungu aliyemo ndani ya kunguru ndiye aliyemo ndani yake. Daya, yaani kumhurumia kiumbe, ni wajibu kama kuoga. Pua yako sikuiuliza."

Hakula. Nikashuka na maji ya moto yenye chumvi. Nilipofungua kitambaa cha kidonda, nikaona funza. Nikatapika mferejini, mara mbili. Safari aligeuza uso ili nisione haya. Tatu aliacha vitumbua vyake viungue, akaja kushika beseni.

"Tapika tu, dada, ila mguu usiuachie."

Wavuta mikokoteni wenzake walimpakia Safari kwenye mkokoteni wake mwenyewe, wakamvuta hadi hospitali. Daktari akasema mguu utabaki, vidole viwili vitakatwa.

Nilioga mara tatu. Harufu ilibaki kwenye kucha.

Adhuhuri Ba akauliza, "Ameshakula?"

Chapati ya Ba ilikuwa bado kwenye sahani, imekauka. Nikapika nyingine, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaenda wodini. Pua nilikuwa nimeiziba bado.