Kura ya Hapana ya Chester Goodnow

Mji wa Westerfield, kwenye mkutano wake wa mwaka wa wananchi, ulimaliza asubuhi nzima ya Jumamosi ukijadili kama mbwa wafungwe kamba wanapopitishwa makaburini. Stefania Burzynski alikaa nyuma kabisa kwenye ukumbi wa shule, mikono mapajani, akiwasikiliza watu wazima wenye akili zao wakigombania mkojo wa mbwa kwa niaba ya marehemu ambao hawakuwa wameleta malalamiko yoyote. Jambo lake lilikuwa la mwisho kwenye ajenda, na watu walishaanza kutoroka mmoja mmoja, maana jua la Mei lilikuwa limetoka na kila mtu ana nyasi za kukata kwake.

Jambo lenyewe lilikuwa shamba. Mwenye shamba alikuwa amefariki, na wanawe walioko Florida walikuwa wamepatana na mjenzi aliyetaka kulijaza nyumba zinazofanana kama mabati. Sheria iliupa mji nafasi ya kulinunua kwanza kwa bei ile ile, ili libaki shamba na uwanda wazi daima, mradi wananchi wapige kura kabla ya Jumatatu. Stefania alikuwa amelikodi miaka mingi, na chini ya udongo ule ilikuwemo mizizi ya asparagasi, ile mboga ya machipukizi, aliyoipanda na marehemu mumewe. Asparagasi si mhogo, useme utakata kijiti ukapande kwingine. Mizizi ile ikizeeka haihamishiki, na mipya huchukua miaka kabla ya kukupa cha kula. Stefania alikuwa na miaka sabini na moja. Shamba likiuzwa, kilimo chake kingekwisha siku hiyo hiyo.

Mwishowe mbwa wakashinda, wakaachiwa huru. Hapo Chester Goodnow akanyanyuka, akatangaza kwamba mji huu umerogwa, akatoka akibamiza mlango. Hakuna aliyeshtuka. Chester hupinga kila kitu. Jiko lake liliposhika moto na zimamoto wakamwokolea nyumba, wiki iliyofuata alikuja kupiga kura ya kupinga gari jipya la zimamoto. Stefania alimwona akitoka, akashukuru kimoyomoyo kwamba mpinzani mmoja amepungua.

Hakushukuru muda mrefu. Shamba lilipofikiwa, Todd Ferrante, dalali wa nyumba mwenye meno meupe kupita kiasi, alisimama akaomba kwa upole watu wahesabiwe. Sheria ya mji inataka wapiga kura mia moja ukumbini, la sivyo hakuna mkutano. Wakahesabiwa. Walikuwa tisini na tisa.

Bi Winifred Pomeroy, msimamizi wa mkutano, alihesabu upya kwa kidole, akamtia mtoto mchanga wa watu kwenye hesabu, akaona haya, akamtoa. Kisha akatangaza mapumziko ya kahawa, akasema wakirudi wakiwa bado pungufu itabidi afunge mkutano.

Stefania hakunywa kahawa. Alivuka barabara mbio na mabuti yake ya shambani hadi kwa Chester, anayekaa mkabala na shule. Chester alifungua mlango akiwa amevaa ndara za manyoya, mdomo umejaa mkate.

"Umekuja kunibembeleza," alisema. "Hunipati. Mji ununue shamba, na mashimo ya barabarani umeshindwa kuyaziba?"

"Sijaja kukubembeleza. Amepungua mtu mmoja, kura haiwezi kupigwa."

"Basi safi. Nikikaa hapa hapa nimekushinda."

"Umenishinda," Stefania akakubali. "Lakini haitaandikwa kwamba ulipinga, Chester. Itaandikwa kwamba hukuwepo."

Chester aliacha kutafuna. Akauliza ni nani aliyetaka watu wahesabiwe. Alipoambiwa ni Todd, uso ukamwiva.

"Dalali? Anapinga kwa kutuhesabu kama kuku? Mimi napinga kwa mkono, jirani. Nanyanyua, na watu wananiona."

Akatoka na ndara zake vile vile.

Alipoingia ukumbini, nusura watu wapige makofi. Todd alimwona, akapiga hesabu haraka, akachukua koti lake na kuelekea mlangoni. Chester alikuwa bado amesimama pale pale mlangoni, na si mtu mwembamba.

"Unakwenda wapi, kijana?"

"Mwanangu ana mechi, mzee."

"Nimevuka barabara na ndara kuja kusema hapana. Ukitoka, hapana yangu imekwenda na maji. Kaa chini."

Todd alimnong'oneza kwamba wao wawili wako upande mmoja. Chester alimjibu kwa sauti iliyofika jukwaani kwamba upande wake haujawahi kuwa na mtu wa pili, na hana nia ya kuanza leo. Todd akakaa.

Kadi za njano za kupigia kura zilinyanyuliwa kukubali, ukumbi mzima ukawa kama shamba la alizeti. Za kukataa zilikuwa mbili: ya Todd, chini chini kama ya mwanafunzi anayeomba kwenda msalani, na ya Chester, ambaye alipanda juu ya kiti. Bi Winifred alipotangaza kwamba shamba limenunuliwa, Stefania alilia waziwazi, wala hakujifuta.

Nje, Chester alikuwa anamngoja.

"Umeniona?"

"Nimekuona. Asante."

"Usinishukuru, nimekukatalia mbele ya mji mzima." Alikohoa. "Sasa litakaa shamba mpaka lini?"

"Milele. Ndivyo tulivyopiga kura."

Chester aligeukia kule kwenye shamba, ambako upepo ulikuwa unatokea na harufu yake.

"Milele," alisema taratibu. "Pamoja na samadi yako?"

"Pamoja na samadi yangu."

Akamwambia kwamba mkutano wa mwakani ataleta hoja ya kupinga upepo, akaenda kufunga madirisha. Stefania alicheka mpaka akashika ukuta wa shule.