Mkia wa Msafara

Kwa miaka ishirini na miwili chama chetu cha baiskeli cha Meran, mji wa milimani kaskazini mwa Italia, kilikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa; nyingine ziliandikwa zikasahauliwa. Sheria yenyewe ni kwamba haachwi mtu. Anayeendesha mwisho wa safu anaitwa Mkia. Anavaa kizibao cha njano, anabeba pampu na viraka, na kila kituo anahesabu vichwa. Akishapaza sauti, “Kumi na wawili!” ndipo kiongozi anaondoka. Mkia huyo alikuwa Engelbert, seremala, mume wa mwenzetu Walburga, mpaka Machi, moyo wake uliposimama akiwa anafunga kamba za viatu.

Sasa ilikuwa Julai, na kizibao kilikuwa mwilini mwa Walburga. Alikiomba mwenyewe. Kwenye mkutano wa Mei watu walitazamana, kisha Kassian, kiongozi wetu, akakohoa.

“Shemeji, Mkia ni kazi. Mtu akipotea bondeni, swali linakuja kwako. Jaribu safari ya Julai. Ukitufikisha wote, kizibao ni chako. Ukishindwa, tutampa Alfons.”

Walburga alikitaka kile kizibao. Tangu Machi hakutaka kitu kingine chochote. Chakula kilimpita kooni bila ladha. Hakulia hata makaburini, watu wakamsifu kwa ujasiri wake. Ujasiri gani? Ilikuwa ganzi tupu, kama ya mdomo uliodungwa sindano na daktari wa meno.

Basi lilitushusha Reschen, kando ya ziwa lililo juu kabisa ya bonde, saa tatu asubuhi. Kassian aligeuka juu ya tandiko.

“Mkia, tumetimia?”

“Kumi na wawili!” akajibu Walburga.

Hakuwa amehesabu. Jibu lilitoka lenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu. Watu kumi wakatazama pedali zao. Alfons, ambaye hajawahi kukosa neno maishani mwake, alianza kukaza mkanda wa kofia uliokwisha kukazwa. Kassian akainua mkono, tukaondoka.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa letu sote. Sisi watu wa bonde hili tunaona kumsahihisha mjane ni ukatili. Afadhali tuendeshe kilomita themanini pamoja na marehemu.

Mteremko wa kwenda Mals ni mkali, na hewa yake inakata masikio hata kiangazi. Sisi wenzake tulipiga kelele kama watoto. Walburga aliona vidole vyake vimekuwa vyeupe juu ya breki, akavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine. Milima ilikuwepo, theluji ilikuwa kileleni mahali pake. Yeye alitazama migongo iliyo mbele yake na gurudumu la mwisho, basi.

Katika mji mdogo wa Glurns tulikaa ukutani tukala mkate mweusi na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi.

“Walli,” alisema Alfons, akimwita Walburga kwa jina la utani, “hiyo nyama unaitafuna au unaisomea misa?”

“Naitafuna.”

“Basi imeze, bibi wee. Hiyo imeshakufa, haifi mara ya pili.”

Tukacheka, halafu ghafla kila mmoja akaanza kutafuta chupa yake ya maji. Walburga naye alikuwa amecheka, kwa mdomo tu. Tulipotoka alitangaza kumi na wawili tena, na pedali zikatazamwa tena.

Baada ya kijiji cha Prad kundi la vijana arobaini wenye fulana nyekundu lilitupita, likachanganyika nasi kwa kilomita kadhaa katikati ya mashamba ya matufaha. Ndiyo maana tulipofika uwanjani Laas, Kassian alisahau huruma yake.

“Mkia, hebu hesabu vizuri safari hii. Wale vijana wametuvuruga.”

Walburga alihesabu kwa kidole, akajiweka na yeye mwenyewe. Kumi na mmoja. Akarudia. Kumi na mmoja.

Kitu kikashtuka kifuani mwake. Ilikuwa hofu, na tangu Machi hakuwa ameijua.

“Mmoja amebaki juu,” alisema.

“Walli, ngoja kidogo…” alianza Alfons.

“Msiondoke!”

Alikuwa ameshageuza baiskeli. Mchana upepo wa bonde hilo hushuka kutoka juu, na sasa ulimpiga usoni moja kwa moja. Akasimama juu ya pedali, mwanamke wa miaka sitini na sita, akisukuma. Alichungulia kila mfereji. Alitazama kati ya mistari ya miti, isije ikawa mtu ameanguka na hana wa kumwinua. Hakujiuliza ni nani. Alijua tu kwamba mmoja amepungua, na kwamba kumrudisha ni kazi yake.

Karibu na kijiji cha Eyrs mama mmoja alikuwa akiuza aprikoti chini ya mwavuli.

“Dada, hujamwona mwendesha baiskeli aliyebaki nyuma? Peke yake?”

“Wamepita wengi leo. Wako yukoje?”

“Mrefu. Ana ndevu za mvi. Mguu wa kulia wa suruali ameubana kwa kibanio cha nguo, usiliwe na mnyororo.”

“Amevaa nini?”

“Kizibao cha njano.”

Mwuzaji alimtazama kifuani. “Kama hicho chako?”

Walburga aliinamisha kichwa. Pale mfukoni palikuwa na doa la gundi ya mbao, gumu, ambalo hakuna sabuni iliyowahi kuling'oa.

“Ndiyo,” alisema. “Kama hiki.”

Baiskeli ikaanguka majanini. Mwuzaji aliondoa kreti moja kwenye benchi, akampisha. Walburga akakaa, akalia kwa sauti, kwikwi na kamasi na yote, miezi minne kwa mkupuo. Uchungu ulikuwa mkubwa kuliko alivyouogopa.

Kassian alifika akihema, uso mwekundu.

“Shemeji, nisamehe. Tulipaswa kukuambia asubuhi.”

“Mlijua?”

“Sote.”

“Mkanyamaza.”

“Tukanyamaza.”

“Pumbavu zenu,” alisema Walburga, akipenga kamasi.

“Ni kweli.”

Akaanza kufungua vifungo. “Mpe Alfons. Mkia asiyejua kuhesabu wa nini?”

Kassian alimshika mkono. “Umepanda kilomita nne dhidi ya upepo kumtafuta mtu mmoja. Alfons angekwenda kumtafuta baa. Funga hivyo vifungo, upepo huu utakuua.”

Mwuzaji aliwapa aprikoti mbili, wakazila wakiwa wamesimama. Ya Walburga ilikuwa chachu, naye akakunja uso.

Waliporudi Laas, sisi tisa tuliobaki tulikuwa tumesimama na kofia zetu kichwani. Hakuna aliyekuwa amekaa. Kassian alipanda tandiko lake mbele ya safu, akageuka.

“Mkia, tumetimia?”

Walburga alihesabu polepole, mmoja mmoja kwa kidole, na mwisho akajigusa kifua, juu ya lile doa la gundi.

“Kumi na mmoja!”

Sauti ilimkatika katikati. Akarudia, kwa nguvu zaidi, ili hata wa mbele kabisa wasikie, na safari hii hakuna aliyetazama pedali.