Leseni ya Aune

Shemeji yangu Reino hakutuambia kwamba macho yake yanafifia. Aliacha kuendesha gari akasingizia mgongo, akaacha gazeti akasema siku hizi linaandika upuuzi, na kanisani akawa anaimba nyimbo zote kwa kichwa. Sisi tukadhani ni uzee. Mwanamume akistaafu machimboni, kila mtu humtarajia awe na vituko.

Kitu kimoja hakukiacha: bunduki zake za kale. Chumba cha chini ya nyumba kilijaa bunduki za jeshi la Finland, nchi waliyotoka wazazi wetu kuja huku Marekani, za aina ileile waliyobeba baba zetu wadogo waliobaki kule kupigana na Warusi. Hakuwa akizifyatua. Alizipaka mafuta, akasoma mihuri iliyopigwa kwenye mitutu, akajua ipi ilitengenezwa wapi na mwaka gani. Serikali ilimpa leseni ya mkusanyaji, nayo ndiyo iliyomruhusu kuagiza bunduki kuukuu kutoka jimbo lolote zikaletwa hadi mlangoni. Mkewe, dada yangu Aune, hakushuka kule ila kumwita chakula.

Vuli moja Reino alirudi kutoka maonyesho ya bunduki kule mjini Duluth na bunduki aliyoitafuta miaka mingi. Aune akampelekea kahawa na mkate wa iliki. Alimkuta ameketi chini ya taa, bunduki mapajani, anapitisha kidole gumba juu ya muhuri, anarudia, anarudia tena. Aune akainama kutazama. Hata yeye asiyejua lolote aliona muhuri umekaa upande na herufi zimekwaruzwa kama kwa msumari.

"Nzuri?" akamuuliza.

"Nzuri," Reino akasema, akaifunika kwa kitambaa.

Jumapili nilikula kwao. Reino akatamka, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba leseni yake inakaribia kuisha na hataihuisha.

"Kulikoni, shemeji?" nikamuuliza.

"Leseni ya mkusanyaji kwangu sasa ni kama kitana kwa mwenye upara."

Nilicheka. Aune hakucheka.

Kesho yake Aune alikuja kwangu na fomu ya leseni ya mkusanyaji. "Lempi, mwandiko wako unasomeka. Nijazie hii."

"Ya nani?"

"Yangu. Usiniangalie hivyo, jaza."

Nikaanza kumsomea maswali. "Je, wewe ni mtoro unayetafutwa na sheria?"

"Niliwahi kutoroka kwaya."

"Nimeandika hapana. Unatumia vitu vya kulevya?"

"Kahawa wanaihesabu?"

Tulicheka mpaka wino ukamwagika kwenye kitambaa cha meza. Nakala moja ilitakiwa kwenda kwa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya yetu, kumpa taarifa tu. Tukaitia kwenye posta, tukasahau kwamba sherifu na Reino wanakunywa kahawa mkahawa mmoja.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Urho, rafiki wa Reino. Sherifu aliketi mezani kwao akauliza, "Mzee Reino, nyumbani kwema?"

"Kwema. Kwa nini?"

"Basi tu. Naona mama anataka bunduki."

Meza nzima ikapasuka kwa kicheko. "Umemfanya nini, wewe?" Urho akapiga kelele. "Leo ukale kwa adabu! Usithubutu kusema chumvi imezidi!"

Reino alicheka nao. Kisha Urho, bila ubaya wowote, akaongeza, "Labda anataka kujua zipi atauza. Shangazi yangu alianza hivyohivyo mumewe alipougua." Hapo Reino akaacha kucheka, akatafuta kofia yake.

Mimi na Aune tulikuwa jikoni tunamenya viazi vya pai za nyama. Reino akaingia na viatu vyenye theluji hadi katikati ya sakafu, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

"Aune, mbona unanizika mapema?"

"Vua viatu."

"Nakuuliza."

"Na mimi nakwambia vua viatu." Dada akaweka kisu chini. "Ile bunduki ya Duluth ni ya kughushi, Reino. Muhuri wake niliuona mimi. Wewe hukuuona."

Reino akavua kofia. "Niliuhisi," akasema mwishowe. "Kwa kidole. Nilipokwisha kufika nyumbani."

"Huoni tangu lini?"

"Pembeni naona. Katikati ndiko hakuna kitu."

Ndipo nikaelewa kwa nini siku zile alikuwa akitutazama kwa upande, kama kuku.

"Hata uso wangu?" Aune akauliza.

Reino akageuza kichwa, akamtafuta kwa pembeni. Aune akafuta mikono kwenye aproni, akafuta tena ingawa ilikuwa mikavu.

"Siuzi hata moja," akasema. "Wewe utashika, mimi nitakusomea. Leseni itakuwa kwa jina langu kwa sababu wewe umekwisha kukata tamaa, na ubishi wako naujua."

"Bunduki wewe huzijui."

"Na wewe uji hukuujua nilipolazwa hospitali. Mbona uliniletea nikaunywa?"

Reino akarudi mlangoni, akaketi kwenye benchi, akaanza kulegeza kamba za viatu. Ilimchukua muda mrefu. Mimi nikainamia viazi vyangu.

Leseni ilifika baridi ikiwa kali. Tangu hapo nikienda kwao nawasikia kule chini wakizozana.

"Soma."

"Herufi S na A, ndani ya kisanduku."

"Mali ya jeshi. Mwaka?"

"Arobaini na mbili. Hapana, na tatu."

"Ni ipi sasa?"

"Ngoja, mwanamume wewe, nifute mafuta!"

Theluji ilipoyeyuka niliwapeleka Duluth kwa gari langu. Walikwenda meza kwa meza, Reino akipapasa, Aune na lenzi yake akimsomea sikioni. Mbele ya bunduki moja dada akagoma kuondoka.

Reino akaishika. "Komeo si lake, limetoka bunduki nyingine. Kitako kimetiwa kiraka. Mtutu una kutu, naisikia harufu. Iache."

"Mti wake ni mzuri."

"Hatukuja kununua mti!"

"Wewe hununui. Mwenye leseni ni mimi."

Muuzaji akageuka kuficha kicheko. Aune akainunua. Reino akanuna njia nzima, tukasimama kula keki, akaila huku amenuna.

Tulipofika nyumbani aliomba apewe ile bunduki. Akailaza mapajani. "Haya, niambie. Huo mti una nini?"

"Una mawimbi. Kama kahawa uliyoitia maziwa, hujaikoroga."

Akapitisha kiganja polepole, kutoka kitakoni hadi mbele. "Na wewe umevaa nini?"

"Sweta."

"Ile ya kijani?"

"Ya kijani niliigawa mwaka juzi. Hii nyekundu."

"Mwaka juzi! Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Reino akaiweka bunduki kando. "Nini kingine kimebadilika humu ndani?"

Aune akatazama huku na huku, kama mgeni, kisha akavuta kiti karibu naye. "Mapazia," akaanza.

Nikachukua koti langu taratibu. Nilipokuwa nafunga mlango, maelezo ya Aune yalikuwa yamefika jikoni, na shemeji yangu analalamika kwamba hakuna aliyemshauri kuhusu rangi ya kuta.