Mti wa Nyumbani Uulize Kwanza

Kiwanda kile cha kupasua mbao kilikuwa na sheria moja tu iliyofuatwa kweli, na haikuandikwa popote: mti wa porini pasua, mti wa nyumbani uulize kwanza. Mti wa porini umekula mvua na jua, basi. Mti wa nyumbani umekula kila kitu. Watu wanaugongomea msumari wa kamba ya nguo, wanafungia mbuzi mnyororo wanausahau, wanatundika kioo cha kunyolea na bango la mgombea aliyeshindwa. Mti wenyewe haulalamiki. Unakunja gome polepole, unafunika, na miaka ikipita hakuna anayejua kilichomo tumboni. Siku gogo linapoletwa kiwandani, msumeno ndio unaopewa habari.

Kwa hiyo gogo la nyumbani likiingia, mwenye nalo anahojiwa kama mshitakiwa. Mti ulisimama wapi, nani alikuwa akicheza chini yake, ulitundikwa nini. Kisha linagongwa kwa kisogo cha shoka huku mtu ametega sikio, na mwisho linapitishiwa sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu na kuning'inizwa kwa uzi. Sumaku ikicheza, gogo linarudi nje.

Aliyewafundisha wote hayo ni Fundi Cheko, mkuu wa mashine. Amekaa kwenye msumeno miaka kumi na tisa na vidole vyote kumi anavyo, jambo ambalo kwenye kazi ile ni sawa na shahada ya chuo kikuu. Jina la Cheko alipewa kwa mizaha yake. Alishawahi kumfunga Bonge, msukuma magogo, kamba za viatu kwenye mguu wa benchi, halafu akapiga kelele kwamba moto unawaka. Bonge aliondoka na benchi.

Na siku moja Fundi Cheko hakuuliza.

Gogo lilikuwa lake mwenyewe. Mwarobaini uliosimama nyuma ya nyumba aliyoipanga alipooa na kuinunua baadaye, mnene kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuukumbatia akakutanisha mikono. Mizizi ilikuwa imeanza kupasua ukuta wa bafu, ndipo asubuhi moja, mkewe akiwa kliniki, akaita vijana wenye msumeno wa petroli wakauangusha. Mkewe aliporudi alikuta kisiki. Aliosha vyombo vilivyokuwa kwenye beseni, akavipanga, akachukua begi, akaenda kwa dada yake.

Fundi Cheko alicheka. Aliwaambia wenzake kiwandani kwamba mama watoto amenuna kwa sababu ya kuni, na kwamba Jumapili haitamkuta huko. Jumapili ikapita, ikafuata nyingine, ikafuata ya tatu. Mtu mzima akawa anakula mayai ya kuchemsha asubuhi na jioni, mpaka Bonge akamuuliza kama ameanza kutaga. Wiki ya tatu binti yake mkubwa alimpigia simu akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama ameulizia chumba cha kupanga. "Baba," alisema, "safari hii usilete mchezo. Mama harudi."

Hapo ndipo kicheko kilipomkauka. Akakumbuka kwamba mkewe aliwahi kutamani meza kubwa, ya kukaa watoto wote watatu na wajukuu bila mtu kulia chakula mapajani. Akaamua kwamba mti ule ule uliomwondoa mkewe ndio utakaomrudisha. Angeupasua, angeunda meza, angeibeba mpaka kwa shemeji yake kama mahari ya pili.

Mnoaji wa misumeno, mama mmoja mkavu asiyecheka hata akitekenywa, alimwona anavuta gogo moja kwa moja kwenye reli za mashine. Akamuuliza sumaku iko wapi.

"Mti wangu mwenyewe," Fundi Cheko akamjibu, "nitauuliza nini ambacho sikijui? Nimeishi nao miaka thelathini."

Pasuo la kwanza lilitoka safi. La pili pia, ubao mwekundu mzuri, unanuka uchungu wa mwarobaini mpaka kooni. La tatu lilipofika katikati, mashine ilipiga yowe ambalo hakuna aliyewahi kulisikia mle ndani. Mkanda wa msumeno ulikatika, ukachomoka, ukapiga kinga ya chuma kama radi, ukapita karibu na sikio la Bonge na kwenda kujipinda kwenye nguzo ya paa. Kila mtu alikuwa chini. Vumbi la mbao likawa linashuka juu ya migongo yao, na mahali pote pakawa kimya, isipokuwa Bonge aliyekuwa akijipapasa sikio na kuuliza kama bado lipo.

Fundi Cheko peke yake alibaki amesimama, akizima mashine.

Walipopata nguvu wakalipasua gogo kwa kabari na nyundo. Lilipofunguka, wote walirudi nyuma hatua moja, kama waliofungua mlango wakakuta mtu ndani.

Misumari. Si mmoja wala miwili. Ilikuwa imejipanga kwa mistari, ya inchi tatu, kichwa juu ya kichwa, usawa wa kifua cha mwanamke. Kila msumari ulikuwa umezungukwa na doa jeusi lenye samawati lililopanda na kushuka ndani ya mbao kama moshi, na nyuzi za mti zilikuwa zimepinda kuupisha, kisha zikakutana tena mbele, zimekaza. Bonge alijaribu kwa kucha akasema hapo pagumu kuliko mfupa. Ule ndio ulikuwa ubao mzuri kuliko mbao zote zilizowahi kutoka kwenye mashine ile.

"Fundi," Bonge akasema, bado ameshika sikio, "mkeo alifungua duka la vifaa vya ujenzi humu ndani?"

Hakuna aliyecheka. Wakapitisha sumaku kwenye vipande vyote. Thelathini na saba.

Mnoaji aliinama na miwani yake, akaanza kuhesabu duara za mti kuanzia kwenye gome kuja ndani, akisogeza kidole taratibu. Akahesabu mara mbili. Akasema misumari yote iliingia ndani ya miaka mitatu, ikifuatana, na baada ya hapo haukuingia mwingine. Miaka hiyo mitatu iliishia miaka ishirini na miwili iliyopita.

Fundi Cheko alihesabu nyuma. Miaka hiyo hakuwepo. Alikuwa amekwenda mbali kutafuta maisha kwenye ujenzi wa bwawa, akamwacha mkewe na watoto watatu, wa mwisho akiwa hajaota jino. Alikuwa akipiga simu kwenye kibanda mara moja kwa mwezi, na kila mwezi mkewe alimjibu maneno yale yale: sisi wazima, hatujambo, wewe fanya kazi.

Alichukua kipande cha ubao chenye misumari minne, akatoka nacho vile vile alivyo, vumbi kichwani, miwani ya kazi shingoni.

Dada wa mkewe ni fundi cherehani. Chumba chake kina mashine mbili, meza ya kukatia, na sare za shule zimening'inia mpaka kwenye feni. Mkewe alikuwa ameketi dirishani anashonea vifungo, amezungukwa na mashati ya watoto wasio wake. Shemeji alimwangalia mgeni toka utosini hadi kwenye viatu.

"Karibu, shemeji. Umekuja kuomba msamaha au umekuja kukarabati paa?"

Siku nyingine angemrudishia mbili. Siku hiyo alipita tu, akauweka ubao mapajani mwa mkewe, juu ya shati jeupe.

Mkewe aliacha kushona. Alipitisha kidole kwenye doa jeusi, akakifikisha kwenye kichwa cha msumari, akakiacha hapo. "Kumbe umeufunika wote," alisema, kana kwamba anaongea na ubao.

Akamweleza bila kupandisha sauti. Siku moja, yule mdogo ana homa, ndani hakuna kitu, mwenye nyumba amekuja kutukana mlangoni, alifunga mzigo wake ili awaache watoto kwa jirani na apotee. Alipofika uani akaona nyundo. Hakujua kwa nini aliichukua. Alipiga msumari kwenye mti kwa nguvu zake zote, akalia, akarudi ndani, akafungua mzigo. Tangu hapo kila alipofunga mzigo alipitia kwenye mti kwanza. Msumari mmoja, siku moja ya kutoka. Hakutoka hata mara moja.

"Thelathini na saba," Fundi Cheko akasema.

"Thelathini na minane. Hamjatafuta vizuri. Wa mwisho uko chini kwenye kisiki, karibu na mzizi, niliupiga nimepiga magoti. Huo ni wa siku uliyorudi."

Hakuelewa. Siku aliyorudi ilikuwa ya furaha. Alimtazama shemeji yake kuomba msaada, shemeji akaangalia mkasi wake, akaendelea kukata kitambaa.

"Ulibisha hodi," mkewe akasema. "Umevaa kofia mpaka kwenye pua, umebadilisha sauti. Ukasema wewe ni mwenzake mume wangu kule bwawani, umetumwa, nijikaze, nikae chini. Nikakaa. Ukanyamaza muda mrefu. Kisha ukavua kofia ukacheka."

Mkasi ulisimama kwenye kitambaa.

Fundi Cheko alikuwa amesimulia kisa hicho kiwandani, harusini, hata kwenye matanga. Ndicho kilikuwa mzaha wake bora kuliko yote. Siku zote alipokisimulia alimalizia kwa kuigiza jinsi mkewe alivyokaa chini ghafla, na watu walishika mbavu. Sasa alijiona amesimama pale mlangoni na kofia yake, na kwa mara ya kwanza akamwangalia mwanamke aliyeko sakafuni. Alitafuta pa kukaa. Akakaa juu ya gunia la vipande vya nguo, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa na asiyemwona.

"Miaka yote mitatu nilitaka kuondoka lakini sikuwa na ubavu," mkewe akaendelea. "Siku ile nilikuwa nao. Nikaenda kwenye mti."

Akasema mwanzoni alikuwa akimwomba Mungu amng'olee ile misumari. Aliamini kwamba asubuhi moja angeikuta imedondoka chini, awe na ushahidi kwamba amesikiwa. Haikudondoka. Mti ulitoa utomvu, kama unalia, kisha gome likaanza kusogea kidogo kidogo, kama mtu anayemfunika mtoto shuka asimwamshe. Na mwaka ule ule aliougonga sana ndio mwaka uliotoa kivuli mpaka kikafika mlangoni. Watoto wake walilala mchana chini ya kitu alichokuwa akikitesa usiku na mchana.

"Nilikuwa nafikiri Mungu ni wa kung'oa," alisema. "Mchungaji alisema hivyo, na mama yangu alisema hivyo. Lakini ule mti nilikuwa nauona kila siku. Unapigwa, haurudishi. Hautupi msumari, haufi, unakua tu, na msumari unabaki ndani yake. Nikasema basi, kama yeye ndiye aliyeuumba huu, atakuwa anafanana nao. Nikaacha kuomba aniondolee. Nikaomba nikue."

Shemeji alijifuta pua kwa ukingo wa sare ya mtoto wa watu.

Fundi Cheko akauliza swali, na halikuwa la mzaha ingawa yeyote asiyemjua angedhani hivyo. Kwa kuwa mti haupo, mkewe akiudhiwa tena atapiga wapi?

"Ndiyo maana niko hapa," mkewe akajibu.

Hapo likamwingia lote kwa mara moja. Hakuwa ameondoka kwa ajili ya mti. Miaka yote mti ndio uliokuwa ukimbakisha, na yeye aliulipa kwa msumeno, asubuhi moja, bila kuuliza. Alitaka kusema nipige mimi. Neno lilifika ulimini, akaona jinsi litakavyosikika, akalimeza.

"Nihesabie," akasema badala yake. "Mmoja mmoja. Sitatia neno."

"Wewe?" shemeji akauliza.

"Mimi."

Mkewe alimwangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayepitisha sumaku. Kisha akashika msumari wa kwanza pale ubaoni, ingawa huenda haukuwa wa kwanza, akaanza na ile homa. Fundi Cheko alisikiliza akiwa ameshika magoti yake. Ukaja wa pili, siku mwenye nyumba aliporudi na matusi mengine. Wa tatu ulikuwa na jambo alilolijua vingine kabisa, naye alifungua mdomo ajitetee, akaufunga. Ya ubaoni ikaisha, mkewe akaendelea kwa kumbukumbu, na wa tano ulimfanya ainamishe kichwa, asikiinue. Mteja alikuja kuchukua sare, shemeji akamfukuza na kumwambia arudi kesho. Vumbi la mbao lilikuwa likimdondoka Fundi Cheko nywelini kila alipovuta pumzi, na yeye alikuwa akishangaa tu, msumari baada ya msumari, kwamba aliishi nyumba moja na mtu huyu, akala naye, akamchekesha, na hakuwa anajua hata anaishi na nani.

Kwenye msumari wa tisa mkewe alisimama kidogo. Akatazama chumba, mashine, sare zilizojaa.

"Huu siwezi kukuelezea hapa," akasema. "Ulitokea jikoni. Mpaka nikuonyeshe niliposimama."

Alikunja shati lenye vifungo nusu, akavaa kandambili. Begi lake lilikuwa chini ya meza ya kukatia, na aliliacha hapo hapo. Fundi Cheko aliliona, hakuuliza. Alichukua ubao, akamfuata nje nyuma hatua mbili, akisikiliza visigino vyake vikipiga kandambili kuelekea nyumbani.