Chungu cha Midomo Miwili

Milembe wa Shishiyu alikuwa mfinyanzi, na kwa chungu cha mapacha hakuwa na mpinzani. Chungu chenyewe kina tumbo moja na midomo miwili, na zamani hakikufinyangwa hovyo. Mapacha wakizaliwa, mjumbe wa ukoo alimletea konzi ya mtama. Hapo ndipo alipogusa udongo, wanawake wakimwimbia mpaka chungu kikasimama. Kisha yeye mwenyewe aliwanyunyizia watoto maji ya chungu hicho, ndipo wakatolewa nje kwa mara ya kwanza. Bila mjumbe, haendi.

Ikaja miaka ya ruksa, kila kitu sokoni. Pamba ikadorora, na mchuuzi mmoja, Athanasi, akaja na pikapu kutafuta vyungu vile vile kwa maduka ya Bariadi. Milembe akafinyanga. Nani amlaumu? Paa lilivuja na wajukuu walitaka sare. Wanawake waliokuwa wakiimba nao wakapata shughuli: huyu anakanyaga udongo, yule anajaza nyasi ndani ya vyungu visivunjike njiani.

Ndipo Salu, binti yake aliyeolewa Bukundi, akajifungua mapacha. Habari zilipofika, Milembe alichimba udongo mzuri kuliko wote, akaufunika kwa gunia bichi, akakaa kumsubiri mjumbe. Mbwa akibweka, anachungulia njia. Gunia likakauka, akalimwagia maji; likakauka tena. Mwishowe moyo ukamshinda, akadandia lori la pamba.

Alimkuta Salu amekaa uani na watoto mapajani. Nje, mchana kweupe!

"Mwadila, mayu," Sayi, mama mkwe wa Salu, alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama kwa heshima zote. "Watoto tumeshawatoa. Chungu tulinunua Bariadi."

"Mbona hamkuniita?"

"Vimejaa madukani, mayu. Tukaona tusikusumbue."

"Nani aliimba?"

Sayi aliangalia pembeni. "Tuliwasha redio."

Milembe akaomba akione hicho chungu. Akakigeuza. Kitakoni palikuwa na alama ya dole gumba lake, na ndani bado kulikuwa na vijiti vya nyasi. Salu akatabasamu kwa furaha ya kweli, maskini. "Si unaona, mama? Ni chako mwenyewe."

"Ni changu," alisema Milembe. Alijaribu kukumbuka siku aliyokifinyanga, ikagoma kuja. Aliwapakata wajukuu wake kidogo, akawarudisha kwa mama yao. Maji ya kuwanyunyizia yalikuwa yameshamwagwa na mkono mwingine.

Aliporudi Shishiyu alikuta pikapu imeegeshwa uani.

"Mama, vya mapacha vinatoka kama karanga," alisema Athanasi. "Niongezee."

Udongo aliowachimbia wajukuu ulikuwa umepasuka chini ya gunia. Milembe akaumwagia maji, akaukanda mpaka ukalainika, akaanza kufinyanga. Hapakuwa na aliyeimba, na Athanasi hakujua kwamba kuna kilichopungua.